Githigu Haihitaji Zinki

Ni mimi niliyemwambia Bwana Shamba habari ya paa. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi: mbele ya mama yangu, mbele ya kaka yangu aliyelaumiwa badala yangu, na siku moja mbele ya mchungaji, ingawa mchungaji wa watu alikuwa ameniuliza tu kama ninalala vizuri. Mama hayupo tena wa kunikaripia. Kaka yangu naye amefika umri ambao mtu hufurahia kulaumiwa, kwa sababu humfanya aonekane kwamba ujanani alikuwa na mambo. Kwa hiyo nasema: ni mimi. Lakini siwezi kueleza paa lilikuwa na neno gani bila kwanza kumweleza mtu mwenyewe.

Alikuwa afisa wa kilimo wa eneo letu, katika vilima vilivyo kati ya Othaya na Kiriaini, tangu miaka ya mwanzo ya uhuru hadi alipostaafu. Nchi nzima huwaita maafisa wa aina hiyo mabwana shamba, ila sisi tulilitumia jina hilo kana kwamba serikali ilikuwa imeajiri mmoja tu. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja, siku ya kumuaga, na watu waligeuka kutazama ni nani huyo anayeitwa.

Alivaa tai na gamubuti. Sikuwahi kumwona na kimoja bila kingine, isipokuwa kanisani, ambako alivaa tai na viatu na akatembea kama mtu aliyeazima miguu. Kati ya shamba moja na jingine alishuka mtoni akaosha gamubuti zake kwa majani, polepole, mpaka zing'ae. Nilidhani anazuia magonjwa ya mimea yasienee, na niliandika hivyo katika insha ya shule nikasifiwa. Baadaye nilimuuliza mwenyewe.

"Magonjwa?" alisema. "Hapana. Wamama wa huku wakiona matope mekundu wanajua nimetoka kwa fulani, wakiona meusi wanajua nimetoka kwa mwingine. Halafu naulizwa kwa nini nilianza huko. Afadhali nifike kila mahali kama nimetoka mbinguni."

Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, na Kigikuyu chake, baada ya miaka yote hiyo, kilikuwa kama baiskeli iliyopotoka gurudumu: kinakwenda, lakini kila mtu anakitazama. Alizungumza nasi Kiswahili, na sisi tukamjibu kwa kile chetu cha kujifunzia sokoni. Jambo lililomshinda kabisa kuzoea ni githeri, mahindi mazima yaliyochemshwa na maharagwe. Alikula, kwa kuwa alikuwa na adabu, lakini aliokota punje mojamoja kwa kijiko kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea.

"Mama Mwenyekiti," alimwambia mama yangu, "mnaweza aje kula mahindi na ngozi yake?"

"Na nyinyi mnaweza aje kuyasaga mpaka yasijulikane?" Mama alimjibu. "Mtu anakula unga, hajui kama ni mahindi ama ni chokaa. Sisi tunataka kuona yule tunayekula."

Alimwita Mama Mwenyekiti kwa sababu mama aliongoza kikundi cha wanawake cha mabati. Wakati ule kila kilima kilikuwa na kikundi kama hicho: wanawake walilima kwa pamoja, wakaweka pamoja, wakaezekeana nyumba kwa zamu, nyasi zikatoka na bati likaingia. Nyumba yetu ilipata zamu mapema. Mvua ya kwanza iliponyesha juu ya bati lile jipya, mama alikaa kitandani akicheka peke yake, na sisi watoto hatukuweza kusikia anachochekea kwa makelele.

Bwana Shamba alikuwa na namna yake ya kusoma mmea. Alilishika jani bila kulikata, akaligeuza mgongo juani, akaliinamia kama muuguzi anayesoma kipimajoto. Mkulima angekuwa pembeni akieleza: mbegu za mwaka huu ni mbaya, mbolea ni ya uwongo, jirani ana jicho. Bwana Shamba angemwacha amalize, kisha angeuliza: "Na mmea, umeuliza?" Sisi watoto tulimwiga kila siku. Kaka yangu akikosa chumvi mezani, nilimwambia: "Na chumvi, umeuliza?" Nilipigwa kofi kwa ajili ya Bwana Shamba mara nyingi kuliko alivyojua.

Usidhani alikuwa mtakatifu wa kilimo. Bustani ya nyuma ya nyumba yake ya serikali ilikuwa kichaka. Sukumawiki zake zilikua mpaka zikatoa maua, na alinunua mboga kwa wanawake walewale aliowafundisha kupanda mboga. Aliogopa jogoo wetu. Huyu mtu aliyekabili viwavi na fuko, na wakulima wenye panga, alisimama nje ya lango letu akiita: "Mama Mwenyekiti! Huyo askari wako amefungwa?" Na hakuingia mpaka ajibiwe.

Lakini kinyume chake kikubwa kilikuwa kipaza sauti. Akiwa shambani, ameinama, alikuwa mtu wa "labda". Labda ni baridi. Labda ni udongo. Tungoje tuone. Ungeweza kumsikiliza mchana kutwa na usipate neno moja la kushika. Kisha ikawa siku ya baraza, ofisi ikamletea kipaza sauti cha betri, akakiweka mdomoni, na labda zote zikamtoka. Alinguruma. "Mahindi YAPANDWE kabla ya mvua!" Mtu ambaye jana alikuwa hana hakika na jani moja leo alikuwa na hakika na mlima mzima. Nimeifahamu tabia hii vizuri tangu nilipoanza kufundisha, na nimekuwa mwangalifu nisimcheke sana.

Sasa zinki. Ilianza na mahindi ya haibridi kuchora mistari. Yalikuwa yameingia kwa fahari, mbegu za paketi, na watu waliyapanda kwa mbolea nyingi ya kupandia. Yaliota vizuri. Kisha, yakiwa bado hayajafika magotini, majani machanga yalitoa mistari mipana myeupe, mmoja kila upande wa uti wa jani, na mmea ukakaa chini kana kwamba umekalishwa na mwalimu. Watoto tuliyaita mahindi ya pajama. Wakubwa hawakucheka. Haibridi ilikuwa ahadi, na ahadi ilikuwa imevaa pajama mbele ya kila mtu.

Bwana Shamba aliinamia majani kwa majuma. Labda hiki, labda kile. Hatimaye akasema labda udongo wetu umepungukiwa na zinki, akaiomba ofisi, na ofisi ikamletea mfuko wa unga mweupe kama chumvi. Akataka shamba la majaribio, karibu na njia, ili watu waone wenyewe. Alimwomba mama.

"Utapanda nini?" mama aliuliza.

"Haibridi ya kuchelewa na haibridi ya kuwahi. Kila moja nusu na zinki, nusu bila."

"Na githigu?"

Githigu ni mahindi yetu ya zamani, punje kubwa nyeupe, hayana paketi. Mama aliyapata kwa mama yake, na mama yake kwa mtu ambaye simjui. Kila mavuno alichagua mahindi mazuri kabisa akayatundika jikoni juu ya moshi. Ofisi haikuyataka. Kazi ya Bwana Shamba, kwa kweli, ilikuwa kuyaondoa.

"Mama Mwenyekiti, hiyo haiko kwa mpango."

"Basi hata shamba langu haliko kwa mpango."

Walitazamana. Jogoo akapita. Bwana Shamba akasema githigu ingewekwa.

Mama alichagua mahali. Githigu ilipandwa ukutani kabisa, chini ya paa, kwa sababu mbegu ya nyumbani kwetu hupandwa mahali ambapo mwenye nyumba anaweza kuiona akiwa jikoni. Ni desturi, na kwa mama ilikuwa zaidi ya desturi, maana aliamini kwamba akigeuka kidogo serikali ingeing'oa. Haibridi zilipandwa ng'ambo ya mtaro. Bwana Shamba alipima mistari kwa kamba, akaweka zinki kwenye nusu ya kila aina, akafunga vitambaa vyekundu kwenye vijiti ili tujue wapi imeingia. Alipima kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa juu ya kichwa chake.

Yakafika karibu na magoti, na haibridi zikasema. Bila zinki, pajama. Pamoja na zinki, majani ya kijani kizito, ile ya kuchelewa ikifurahi zaidi kuliko ile ya kuwahi, ambayo ilipona nusunusu kama mgonjwa mwenye kinyongo. Bwana Shamba alikwenda mbele na nyuma akitabasamu. Kisha akavuka mtaro kuja kwenye githigu.

Ilikuwa kijani yote. Upande wa kitambaa na upande usio na kitambaa haukuwa na tofauti. Aliinama, akaligeuza jani juani, akalala tumboni akatazama mashina, tai ikaingia matopeni.

"Haina mstari hata mmoja," alisema.

"Ulitaka iwe nao?" mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Labda..." alianza Bwana Shamba, na nakumbuka kwamba hakumaliza. Laiti angemaliza.

Siku ya baraza alikiinua kipaza sauti. Alieleza zinki, alieleza haibridi, na kisha, kwa sauti iliyovuka bonde, akasema: "Na githigu, mahindi ya wazee wenu, HAIHITAJI ZINKI!"

Wanawake walipiga vigelegele. Ungedhani uhuru umekuja mara ya pili. Mama yangu alisimama katikati ya umati na sikuwahi kumwona amesimama wima namna ile. Afisa wa serikali, mtu wa diploma, alikuwa amesema kwa mashine ya serikali kwamba mbegu ya mama yake ilikuwa na nguvu ambayo ile ya paketi haikuwa nayo. Toka siku hiyo ofisi iliacha kuisumbua githigu. Kilima kizima kilinunulia haibridi zinki na kuiachia githigu udongo mtupu. Mama ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Mtu akipita na kimfuko cha unga mweupe karibu na mstari wake wa githigu, alimfukuza. "Hiyo haiombi," alisema. "Msiizoeshe kuomba."

Na hapo ndipo jambo lilipoanza kuharibika, polepole kiasi kwamba hakuna aliyeliona. Tuliweka mifereji kwenye paa na tangi la maji, maendeleo, na baada ya misimu michache githigu ya ukutani ikaanza kuchora mistari. Mama alisema ni baridi. Katika shamba la chini, mbali na nyumba, ilikuwa ikidumaa kila mwaka tangu zamani. Mama alisema ni fuko. Kila mavuno mahindi ya mbegu juu ya moshi yalipungua kidogo na kuwa mafupi kidogo. Kaka yangu, ambaye alikuwa ameoa na kugawiwa upande wa juu, alianza kusema waziwazi kwamba mbegu ile imezeeka, ipumzishwe, shamba lote liwe haibridi. Mama alimjibu kwa maneno ya Bwana Shamba. Hakuwa na kitu kingine cha kumjibu nacho. Yale maneno ndiyo yaliyokuwa yakiishikilia githigu, na ndiyo, tulivyokuja kujua, yaliyokuwa yakiinyonga.

Mimi nilikuwa chuo kikuu, nikisoma mambo ambayo hayawezi kupandwa. Niliyekaa naye chumbani alisoma kilimo. Jioni moja, katika kujisifia kwetu, nilimsimulia juu ya mahindi ya nyanya yangu yasiyohitaji zinki. Alikuwa amelala kitandani akipaka kucha rangi.

"Yalipandwa wapi?"

"Karibu na nyumba."

"Nyumba ya bati?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka rangi ikamwagikia shuka. "Wewe! Unafikiri mabati yanapakwa nini ili yasishike kutu? Zinki! Mvua imeyaosha miaka yote hiyo ikiyanywesha mahindi yenu. Enda utazame nyasi zinavyonawiri chini ya ua wa waya uliopakwa zinki. Nyanya yako hana mahindi ya ajabu, ako na paa."

Nilimwambia hajui lolote. Usiku sikumsemesha. Nilikuwa nimekuja mjini na vitu vichache vya kujivunia, na kimoja kilikuwa kimepakwa rangi ya kucha.

Sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Kisha Bwana Shamba akastaafu. Walimuaga penye uwanja wa chifu, soda na chapati, hotuba nyingi kuliko chapati. Mama alimpa kibuyu kidogo kilichojaa mbegu za githigu. "Upande kwenu," alimwambia. "Ukisahau mambo yote ya huku, hii isikusahau." Alikipokea kwa mikono miwili na sikumwona akitoa labda yoyote.

Nilimsindikiza kuchukua mzigo wake ofisini. Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa na digrii mpya, na digrii mpya huwasha kama fulana ya sufu. Nilimwambia yote: bati, mvua, mwenzangu wa chumbani kule chuoni. Nilijaribu kucheka mwishoni.

Hakucheka. Aliuweka mzigo chini. "Mifereji iliwekwa lini?"

"Baada ya majaribio. Muda baadaye."

"Na mistari?"

"Mama anasema ni baridi."

Alivuta tai yake kama mtu anayevuta kamba ya kengele isiyolia. "Umemwambia mama?"

"Hapana."

"Usimwambie. Si wewe uliyesema kwa kipaza sauti." Kisha akaongeza: "Na labda huyo rafiki yako amekosea. Hajaona mmea. Paa inaweza kuwa ndiyo. Na githigu inaweza kuwa na nguvu yake pia. Nani ameuliza?"

Kabla ya kupanda basi alirudi nyumbani kwetu, akasema amesahau kofia, ingawa hakuwahi kuwa na kofia. Alisimama uani akitazama juu. Alitembea kufuata ukingo wa paa, akatazama chini kwenye githigu, mahali maji yalipokuwa yakianguka zamani, akatazama mtaro. Jogoo, kizazi cha tatu cha yule askari, alimfuata nyuma nyuma, naye Bwana Shamba hakumwona. Mama alikuwa jikoni, mahali pale ambapo mtu huona kila kitu.

Alipoondoka mama alitoka. "Ni nani amemwonyesha Bwana Shamba paa langu?"

Nikasema sijui. Kaka yangu, ambaye ndiyo kwanza anafika na ambaye kila mtu alijua anaitaka haibridi, alifungua mdomo kuuliza paa gani, na kufungua mdomo kulimtosha kuwa na hatia.

Miaka ikapita bila habari. Nilipata kazi ya kufundisha chuo cha walimu mjini Nyeri. Kila nilipokwenda nyumbani niliyahesabu kwa macho mahindi ya mbegu juu ya moshi, na kila mara sikuhitaji muda mrefu.

Tulikutana Sagana. Nilikuwa nikitoka Nairobi, nimeshuka kunywa chai kwenye hoteli ya njiapanda, na yeye alikuwa hapo, amekonda, tai shingoni, akimweleza mhudumu kwamba mmea wake wa chunguni unamwagiliwa kupita kiasi. Alikuwa amekuja kufuatilia pensheni. Aliponiona hakunisalimia habari ya mama wala ya kazi.

"Mwaka wa kwanza mbuzi walikula," alisema. "Mwaka wa pili niliweka ua, mvua ikakataa."

Nilihitaji muda kidogo kujua anazungumza nini. Kisha nikajua. Alikuwa na shamba kule kwao ambalo haibridi hutoa mistari kila mwaka. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya bati, kwa hiyo alikuwa amechagua kona iliyo mbali kabisa, juu ya mteremko, ambako hakuna tone la paa lolote linaloweza kufika. Githigu nusu na zinki, nusu bila. Haibridi kando yake, vilevile. Alikuwa anajenga upya, peke yake, yale majaribio ya zamani, na safari hii alikuwa ameangalia juu.

"Mzee," nilimwambia, "umestaafu. Watu wanacheza bao la ajua."

"Ajua nacheza pia." Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Wewe unafundisha. Ukifundisha kitu kibaya darasani, wanafunzi wanaenda wapi?"

"Wanafaulu," nilisema.

Alicheka, kidogo. "Wa kwako wanafaulu. Wa kwangu walipanda." Kisha akauliza, bila kunitazama: "Mama bado anayo mbegu?"

"Kidogo. Kaka anataka iachwe. Mama anasema wewe ulisema haihitaji kitu."

Alivuta tai. Tulipokuwa tukiagana aliniomba nambari ya simu ya chuoni, na nikampa pia ile ya nyumbani, maana chuo kilikuwa kimetuwekea simu na nilikuwa natafuta watu wa kuipa. "Ikiwa haihitaji," alisema, "nitapiga mara moja. Ikiwa inahitaji, pia nitapiga. Lakini labda nitakunywa maji kwanza."

Simu ilikuja msimu uliofuata, Jumapili mchana. Mama alikuwa kwangu, amekuja kwa sababu ya macho yake, ameketi sebuleni akilalamikia githeri yangu kwamba haijaiva. Katika begi lake, nilijua, kulikuwa na mahindi machache ya mbegu amefunga kwa kanga. Alikuwa ameogopa kuyaacha nyumbani na kaka yangu wakati wa kupanda umekaribia. Hayo ndiyo yaliyobaki. Simu ikalia, sauti ya msichana wa kuunganisha simu ikaniuliza kama nitazungumza na magharibi, nikasema ndiyo, na Bwana Shamba akaanza kupiga kelele kana kwamba ameshika kile chombo cha baraza.

"Yana mistari!"

Nilikaa chini. "Githigu?"

"Upande bila zinki! Mistari, yamekaa chini, afadhali hata haibridi! Ilikuwa paa! Rafiki yako alikuwa sawa, mwambie!"

Nilimtazama mama. Alikuwa akiokota punje moja kwenye sahani na kuiminya. Nilifikiri: basi imekwisha. Kaka atapata shamba lake.

"Na upande wenye zinki?" niliuliza, kwa kuwa sikujua la kusema.

Simu ilitoa kelele za waya, kisha sauti yake ikashuka, ikawa ile ya shambani. "Hapo ndipo sijalala," alisema. "Haibridi zimepanda, vizuri, kama kawaida yake. Lakini githigu... Nimefanya hii kazi maisha yangu yote. Sijaona mahindi yanapokea zinki hivyo. Ng'ombe akiingia hapo humwoni. Kila shina mahindi mawili mawili. Si kwamba haikuhitaji. Ndiyo iliyokuwa inahitaji kuliko zote. Na mimi niliwaambia watu wasiipe. Miaka hiyo yote nilimsifu mama yako, kumbe namnyima. Ako wapi?"

"Ako hapa."

"Nipe."

Nilimpa mama simu nikasema ni Bwana Shamba. Uso wake ulifurahi, kisha ukaanza kusikiliza. Nilisikia ile sauti ndogo ndani ya simu ikieleza, ikisimama, ikieleza tena. Haikuwa na kipaza sauti na haikuwa na labda. Mama alisema "ĩĩ", ndiyo ya kwetu. Akasema "ĩĩ" tena. Akauliza, "Hata ile ya shamba la chini? Haikuwa fuko?" Kisha mkono wake usioshika simu ukafunguka juu ya goti, mtupu.

Nilingoja amkaripie. Alikuwa na haki, na alikuwa na kipaji.

"Bwana Shamba," alisema mwishoni, "wacha hayo ya pole. Pole utaniletea ukija. Mimi niko na mahindi ya mbegu hapa kwa begi na mvua inakuja. Niambie: hiyo kitu inawekwa na mbegu, ama inangojwa ikifika magotini?"

Ile sauti ndogo ilianza kujibu. Mama alinionyesha kwa kidevu nisogee, nisimkalie karibu. Kisha msichana wa kuunganisha simu akaingia katikati, nilimsikia hata mimi, akisema muda umekwisha.

"Ngoja kidogo, maitũ," mama alimwambia kwa upole, neno letu la kumwita mama, lile alilokuwa akiniitia mimi. "Bado hajaniambia kipimo."